UZI: Mwili ukishapita miaka 50, namna ya kuuhurumia bila kuulaza (magoti, misuli, kibofu, ngozi, usingizi)

Fundi wa Viungo (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na wadogo zangu hamjambo.

Uzi huu ni wa waliofika miaka 50 kwenda juu, pamoja na wenye wazazi wa umri huo nyumbani. Kwenye fiziotherapia watu wanaokuja wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza wanaushambulia mwili: mtu anaamka alfajiri kukimbia umbali uleule wa ujanani, goti likivimba anameza diklofenaki, kesho yuko barabarani tena. Fungu la pili wanautelekeza: maji wanaletewa, viatu wanavuliwa, siku nzima wako kwenye kochi, na watoto wanaamini hayo ndiyo matunzo. Mwisho wa yote mawili ni mapaja yaliyonywea na mtu asiyeweza kunyanyuka mwenyewe.

Upole kwa mwili una vipimo vyake. Unapunguza kiwango, unabadili namna, unaongeza muda wa kupumzika. Kuutumia huachi.

Tuanze na misuli, maana ndiyo inayobeba mengine yote. Kuanzia miaka 30 na kitu mtu hupoteza takribani asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10, na baada ya 60 kasi inapanda. Nyuzi zinazopungua zaidi ni zile za nguvu za ghafla, zinazokudaka ukijikwaa. Ndiyo sababu unamwona mzee anatembea vizuri kabisa mpaka sokoni, halafu kizingiti kimoja tu kinamwangusha.

Jipime hivi. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, urefu wa sentimita 43 au karibu yake, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa katikati ya kiti, kunja mikono kifuani, nyayo zote mbili chini. Simama wima kabisa, kaa, simama, kaa, kwa sekunde 30. Hesabu umesimama mara ngapi. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12, na mwanamume wa umri huo akipata chini ya 14, miguu imepungua nguvu na hatari ya kuanguka imeongezeka. Miaka 65 hadi 69 ni 11 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume. Miaka 70 hadi 74 ni 10 na 12. Ukilazimika kusukuma kwa mikono ili unyanyuke, andika sifuri na usione aibu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Zoezi lenyewe ni kipimo hichohicho, ila polepole. Simama kwa kawaida, kisha shuka kwa hesabu ya tatu, usijidondoshe. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja. Fanya mara 8, pumzika dakika mbili, rudia 8. Siku tatu kwa wiki, na kati yake siku moja ya kupumzika. Kama huwezi kunyanyuka bila mikono, weka mto mgumu au blanketi lililokunjwa juu ya kiti, uanze kutokea juu. Baada ya wiki mbili punguza unene wa mto.

Kisha shika meza, nyanyuka kwa vidole vya miguu mara 10 hadi 15. Simama kwa mguu mmoja karibu na sinki sekunde 10, panda mpaka 30. Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kilo 5: beba moja kila mkono, tembea uani hatua 20. Asiye na mipira ya mazoezi achukue tyubu ya baiskeli aikate, inavutika vizuri kwa mabega.

Makosa mawili yanaharibu kila kitu. Moja ni kubana pumzi wakati wa kunyanyuka, presha inaruka. Toa pumzi unaposimama. La pili ni kufanya kwa hasira siku moja kufidia wiki nzima.

Kuhusu maumivu, tumia mizani ya 0 hadi 10. Maumivu mpaka 3 au 4 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi ndani ya saa 24 yarudi yalipokuwa. Kesho goti likiamka limevimba au linauma kuliko jana, dozi ilikuwa kubwa: punguza nusu, usiache.

Kizingiti

Mkuu ubarikiwe kwa uzi. Swali: mtu wa miaka 62, magoti yamesagika, ameambiwa uteute umekwisha. Nyumbani wanampikia bamia kila siku kurudisha uteute. Choo ni cha kuchuchumaa. Anasaidiwaje?

Fundi wa Viungo

Bamia ni mboga nzuri, ale. Ila ule mlenda ni nyuzinyuzi za mmea, unaishia tumboni na haufiki kwenye goti. Gegedu ya goti, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Inalishwa na majimaji ya ndani ya kiungo, nayo yanaingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa, yaani linapotembea. Akikaa muda mrefu linakakamaa, akitembea dakika chache linalainika. Kwa hiyo atembee kidogo mara nyingi: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Hizo kwa goti lililosagika ni bora kuliko dakika 30 za mkupuo.

Uzito nao una hesabu yake. Kila kilo moja inayopungua mwilini inapunguza takribani kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Hata kilo tatu tu, goti linazisikia.

Choo ndilo jambo kubwa zaidi, maana wengi huanza kunywa maji kidogo ili wasiende. Choo cha shimo hakihitaji kubomolewa. Fundi seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, miguu minne iliyotanuka kidogo kwa chini ili kisipinduke. Urefu mpime mwenyewe akiwa amevaa ndala: kutoka nyuma ya goti mpaka sakafuni, kisha ongeza sentimita 3 hadi 5. Kwa watu wengi inaangukia 43 hadi 48. Tundu lisiwe pana kupita kiasi, makalio yatazama na kunyanyuka kutakuwa kugumu kulekule. Paka rangi ya mafuta mara mbili ili kisafishike.

Ukutani weka mhimili wa bomba la chuma, unene wa milimita 32 hadi 38, kiganja kilizunguke lote. Ufungwe kwenye tofali kwa boliti za kupanuka, usifungwe kwenye plasta kwa misumari. Kabla hajautumia, mtu mzima mwenye afya auning'inie kwa nguvu zote. Ukitikisika, rudia. Bomba la maji na kamba ya taulo visishikwe kabisa.

Mama Chelewa

Naongezea ya ndani ya nyumba, maana mwanamke wa pwani mgongo unamalizwa na kuinama. Fagio la chelewa lifungwe kwenye mpini wa mita moja na robo hivi, ufagie umesimama. Nguo zifuliwe beseni likiwa juu ya meza au benchi, usawa wa nyonga, siyo chini. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya tofali zilizopangwa imara, sufuria ifike usawa wa kiuno. Jembe nalo liwe na mpini mrefu zaidi, mtu asilime amejikunja. Gharama ya hayo yote ni ndogo mno kulinganisha na ya kutibu mgongo.

Na kazi igawanywe. Kufua kuwe siku mbili tofauti, kusiwe Jumamosi moja yenye mashuka, mapazia na sare za wajukuu kwa pamoja. Anayejilazimisha amalize zote siku moja anataka kujihakikishia kuwa bado ni yuleyule. Mwili hauna kesi hiyo ya kujibu.

Nesi wa Zamu

Mkuu amegusia diklofenaki, naomba nikazie, hapa watu wanaharibikiwa kimyakimya.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake zikitumiwa kila siku kwa mtu mzima zinaleta mambo matatu: vidonda vya tumbo vinavyovuja damu bila maumivu, presha kupanda, na figo kuchoka. Mbaya kabisa ni vitu vitatu vikikutana kwa mgonjwa wa presha: dawa ya presha jamii ya lisinopril, enalapril au losartan, kidonge cha kukojoza, kisha diklofenaki juu yake. Figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache, hasa akiwa anaharisha au hanywi maji. Ukienda duka la dawa sema kwanza unatumia nini, hata kama foleni ni ndefu.

Salama zaidi kuanzia nayo ni diklofenaki ya kupaka kwenye goti au kiganja, kwa sababu inayoingia kwenye damu ni kidogo. Parasetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kwa wakati, mwisho vidonge 8 kwa siku. Mwembamba, mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe abaki chini ya hapo kwa ushauri wa daktari. Kagua pia dawa ya mafua, nyingi zina parasetamol ndani, unajikuta umezidisha bila kujua.

Jihadharini na zile dawa za unga au vidonge visivyo na jina vinavyoondoa maumivu yote usiku mmoja. Dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Mtu anafurahi, uso unakuwa wa duara, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Na aliyezitumia muda mrefu asizikatishe ghafla, aende hospitali apunguziwe taratibu.

Kizingiti

Asante nesi. Kuna jingine. Huyu akisimama kutoka kitandani anaona giza.

Nesi wa Zamu

Mishipa ya mtu mzima inachelewa kubana, damu inabaki miguuni. Akiamka akae pembeni ya kitanda dakika moja au mbili, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara 20, asimame ameshika kitu, ahesabu mpaka kumi ndipo apige hatua. Apimwe presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, dawa zake zipitiwe upya na daktari. Wengi hurekebishiwa dozi tu na wanapona kizunguzungu.

Jembe Mpini

Samahani wakuu, mimi naona tofauti. Haya mambo ya kujikubali ni kukata tamaa kwa lugha laini. Mtu akishasema nimezeeka, basi amekwisha. Apambane.

Fundi wa Viungo

Mkuu hoja yako ina uzito, na nusu yake nakubaliana nayo. Mwaka 1990 kulichapishwa utafiti kutoka Boston, Marekani, wa wazee dhaifu wa nyumba ya kulelea, wastani wao miaka 90. Walinyanyua vyuma vizito kwa wiki 8 chini ya uangalizi, na nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hiyo anayesema mwili wa mzee haujengeki anakosea.

Ila angalia namna walivyofanya: kipimo cha kila mtu kilitokana na nguvu alizokuwa nazo siku hiyo, kisha kikapandishwa. Hakuna aliyeambiwa abebe alichobeba akiwa na miaka 40. Wewe unasema apambane. Nauliza, apambane kuanzia kipimo gani? Asiyekubali mwili alionao leo hawezi kujibu.

Wanasaikolojia Paul na Margret Baltes waliliweka vizuri kwa hatua tatu: chagua, boresha, fidia. Mfano wao maarufu ni mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyeendelea kupiga mbele ya watu akiwa na miaka 80. Alipoulizwa anawezaje, alieleza kwamba anapiga vipande vichache, anavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi anapunguza mwendo ili kasi inayofuata isikike kubwa. Mkulima anaweza vilevile. Achague robo eka badala ya eka mbili, aitunze kwa mbolea na palizi ya wakati, na afidie kwa mpini mrefu na kijana wa kulipwa siku ya kuchimba mashimo. Huyo hajakata tamaa, na shamba analo.

Mwalimu Mstaafu

Nichangie upande wa maneno ambayo mtu anajisemea, maana uzi unaitwa wa kuhurumia.

Becca Levy na wenzake walichapisha mwaka 2002 matokeo ya watu 660 wa miaka 50 na zaidi kutoka mji mmoja wa Ohio. Waliokuwa na mtazamo mzuri juu ya kuzeeka kwao waliishi wastani wa miaka 7 na nusu zaidi ya wenye mtazamo mbaya, hata baada ya kuzingatia umri, kipato na afya yao ya mwanzo. Sababu moja inayoeleweka kwa urahisi: anayeamini kwamba amekwisha hanywi dawa kwa mpango, hafanyi mazoezi, na haendi hospitali mapema.

Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyeanza kuandika juu ya jambo hili mwaka 2003, anataja nguzo tatu: kujitendea kwa upole kama unavyomtendea rafiki, kukumbuka kwamba hali hiyo ni ya wanadamu wote, na kuliona jambo kwa ukubwa wake halisi bila kulificha wala kulikuza.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoshindikana, nayo inafanyika kwa kalamu. Sentensi kama "mwili umeoza, sina faida" ibadilishwe iwe taarifa yenye sehemu na kiasi: "goti la kulia linauma 5 kati ya 10 nikishuka ngazi, kwenye tambarare natembea dakika 15." Taarifa ya namna hiyo inakupa la kufanya, na ukienda nayo kwa daktari anapata pa kuanzia. Andika mara moja kwa wiki, inatosha. Anayeandika kila saa anaishia kuutegea sikio mwili mchana kutwa.

Na jamani watoto, acheni kumwita baba "mgonjwa wetu" mbele ya wageni wakati anachotumia ni miwani na fimbo.

Dada wa Hedhi Iliyokoma

Shikamooni. Wanawake tusipolisema hili litabaki la kunong'onezana jikoni.

Hedhi hukoma kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, na inahesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Damu ikionekana tena baada ya hiyo miezi 12, hata tone, nenda ukapimwe. Usisubiri kuona kama itaendelea.

Joto la ghafla na jasho la usiku vinaweza kudumu miaka kadhaa, kwa wengi zaidi ya saba. Lala na kanga ya pamba, weka nyingine kavu kando ya mto ubadilishe bila kuwasha taa na kupoteza usingizi. Chai ya moto, pilipili na pombe jioni vinachochea. Joto likikuzuia kufanya kazi, zipo dawa, homoni zikiwemo, na daktari atakuuliza kuhusu saratani ya titi, kuganda kwa damu na presha kabla ya kukupa.

Uke unakuwa mkavu na mwembamba. Hii inavunja ndoa kwa sababu mwanamke anaona aibu na mume anadhani amechukiwa. Tumia kilainishi cha maji cha dukani wakati wa tendo, na kama bado kunauma omba krimu ya estrojeni ya kupaka ndani. Sabuni, maji ya ndimu na mvuke wa majani visiingie huko, vinakausha zaidi.

Mkojo kuchuruzika ukikohoa au kucheka: bana misuli ya chini kana kwamba unazuia upepo usitoke, shikilia sekunde 5, achia sekunde 5, mara 10, mara tatu kwa siku. Ukizoea, panda mpaka sekunde 10. Tumbo na makalio yasikaze, pumzi itoke. Inachukua wiki 12 kuona tofauti, wengi wanaacha wiki ya tatu. Usizoee kufanya zoezi hilo ukiwa katikati ya kukojoa, kibofu kinaacha kumalizika.

Mifupa inapoteza hadi asilimia 20 ya uzito wake katika miaka 5 hadi 7 baada ya hedhi kukoma. Ndiyo maana mazoezi ya mkuu hapo juu na dagaa wa kula na mifupa yao ni ya lazima.

Babu wa Kibao

Na sisi wanaume. Kuamka kukojoa mara moja usiku kwa mtu wa miaka 60 ni kawaida. Mara tatu, mkojo unaanza kwa kusita, unakatika, unadondoka mwishoni: huenda tezi dume imetanuka, mara nyingi bila saratani, lakini lazima ipimwe. Maji yanywewe vizuri mchana na yapunguzwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kama miguu inavimba, iinue juu ya stuli kwa muda wa saa moja wakati wa alasiri, mkojo utoke kabla ya usiku. Ukimaliza kukojoa subiri nusu dakika, jaribu tena.

Dawa za mafua zenye klorofeniramini au za kuzibua pua zinaweza kufunga mkojo kabisa kwa mwenye tezi kubwa. Mkojo ukigoma na tumbo la chini limejaa, hiyo ni ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Nguvu za kiume kupungua taratibu ni sehemu ya umri, inahitaji muda zaidi na kuguswa zaidi, mkeo aelezwe. Lakini zikipotea zenyewe kwa miezi, pima sukari na presha. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, inaanza kuziba mapema. Wenye dawa za moyo za jamii ya naitreti wasiguse vidonge vya kuongeza nguvu, presha inaporomoka ghafla.

Mama Chelewa

Mkorogo haujatajwa. Mtu wa miaka 55 anaanza kupaka ili makunyanzi na madoa yaondoke. Ndani yake mara nyingi mna hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Ngozi ya umri huo imeshakuwa nyembamba, ikiongezewa steroidi inachanika kwa kugusa tu na kidonda kinachelewa kufunga. Ngozi hiyo inachotaka ni kidogo sana: maji ya vuguvugu, sabuni kwapani na sehemu za siri na miguuni tu, kisha mafuta ya nazi au mgando ndani ya dakika tatu ikiwa bado na unyevu. Magaga yasuguliwe kwa jiwe baada ya kuloweka dakika 10. Mwenye kisukari asiloweke wala asikate kwa wembe.

Mvi ukitaka kupaka rangi, paka, hakuna dhambi kwenye kupendeza. Ila ile piko nyeusi na rangi za nywele nyingi zina kemikali inayowasha vikali. Paka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kaa saa 48. Kukiwasha au kuvimba, usitumie tena, safari ya pili huwa mbaya zaidi.

Pwani Shwari

Assalaam alaykum. Wapo wazee wanaacha kwenda msikitini kwa aibu ya kuswali kwa kiti. Hadithi ya Imran bin Huswain iliyomo kwa Bukhari iko wazi: swali kwa kusimama, usipoweza basi kwa kukaa, usipoweza basi kwa ubavu. Anayeweza kusimama asimame, akae kwenye kiti pale tu goti linapokataa. Rukuu na sijda kwa kuinama, sijda iwe chini kuliko rukuu. Kiti kiwe na miguu ya mpira, kisiteleze kwenye mkeka. Na mzee asiyeweza tena kufunga analipa fidia, anamlisha masikini kwa kila siku. Ruhusa hizi hazikuwekwa kwa wavivu, zimewekwa kwa ajili yake huyu.

Kizingiti

Chakula je? Wengi asubuhi ni chai ya rangi na mkate.

Nesi wa Zamu

Hapo ndipo misuli inakosa vya kujengea. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa figo anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 65 ni gramu 65 hadi 78 kwa siku, na zigawanywe, 20 hadi 25 kila mlo. Yai moja lina 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva takribani 15, dagaa wakavu gramu 30 wanatoa 15 na zaidi kidogo, kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20. Chai na mkate hazifiki hata 10. Mwenye meno mabovu asagiwe dagaa wawe unga, vijiko viwili vinaingia kwenye uji au mchuzi. Meno ya bandia yavuliwe usiku, yaoshwe, yalale kwenye maji.

Mwenye figo dhaifu asifuate hesabu hii, aulize kliniki yake.

Sasa na upande wa pili, maana neno "ni uzee tu" linaua, na wakati mwingine linasemwa na sisi wahudumu. Haya umri hausababishi: kupungua uzito asilimia 5 ndani ya miezi sita au mwaka bila kukusudia, kinyesi cheusi kama lami, mguu mmoja kuvimba, kuanguka mara mbili ndani ya mwaka, kufupika sentimita 4 kutoka urefu wa ujanani, kupotea njia ya nyumbani. Kushindwa kusoma maandishi ya karibu kuanzia miaka 40 na kitu ni umri, miwani ya kusomea inamaliza. Ukungu ni mtoto wa jicho, unafanyiwa upasuaji mfupi. Presha ya macho haina dalili mpaka imeharibu, basi pimisheni. Tanzania mwenye miaka 60 anatambuliwa kuwa mzee tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, uliza dirisha la wazee na kitambulisho chako.

Jembe Mpini

Nimewaelewa wakuu, hasa hilo la kipimo cha kuanzia. Swali la mwisho: fimbo. Mtu anaikataa, na akishika anashika upande unaouma. Ipi sahihi?

Fundi wa Viungo

Upande wa pili, mkuu. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto. Inatoka mbele pamoja na mguu unaouma, na uzito unagawanyika kati yao. Akishika upande uleule anainamia ubavu na nyonga inaanza kuuma nayo.

Kupima: avae viatu anavyotembelea, asimame wima, mikono ining'inie. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja, pale saa inapofungwa. Akishika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Fimbo ya mbao ikiwa ndefu, fundi akate sentimita moja moja huku anapimwa, maana ikishakatwa zaidi hairudi. Ngazi, kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka unatangulia unaouma pamoja na fimbo. Chini iwekwe kiatu cha mpira, na mistari yake ikishalainika kibadilishwe, kwenye vigae vya maji fimbo isiyo na mpira inateleza kuliko ndala.

Na aichague mwenyewe. Mpeleke dukani au kwa mchongaji, ashike tatu nne, achague uzito na rangi.